Kicheko Kisicho cha Abiria

Spika zilikata katikati ya neno. Ilikuwa asubuhi ya mwisho wa mwezi, stesheni ya treni imefurika watu na mabegi, na msichana aliyekuwa akisoma matangazo ndani ya kibanda cha kioo alibaki akifungua mdomo kama samaki. Abiria wakaanza kuulizana treni ya kusini iko njia ipi. Msichana hakungoja. Alishuka ngazi mbiombio, sketi yake ya bluu imenyooka kwa pasi, kitambaa cheupe shingoni, akapanda juu ya benchi na kuweka viganja mdomoni.

"Treni ya kusini, njia ya pili! Jamani, njia ya pili!"

"Dada, ukiendelea hivyo utanikosesha kazi."

Akainua uso. Juu ya ngazi ya chuma alikuwapo kijana wa ovaroli la kijivu, bisibisi mkononi, spika imefunguliwa tumbo mbele yake.

"Kumbe wewe ndiye uliyenikata?"

"Si mimi, ni waya. Mimi nimeitwa kuufufua."

"Basi ufufue, acha kuchungulia watu."

"Nichungulie wapi, na wewe ndiye uliyepanda benchi?"

Msichana akacheka hata akasahau kushuka. Mkata tiketi wa dirisha la kwanza, mama mmoja mnene mwenye macho ya kuona mbali, alikisikia kicheko kile akatikisa kichwa. Mapenzi ni kikohozi, huyu tayari kimempanda kifuani.

Tangu siku hiyo spika za stesheni zikawa na maradhi yasiyokwisha.

"Fundi," mkata tiketi alimuuliza, "zinaumwa spika au unaumwa wewe?"

"Tunaumwa wote, mama."

Pale stesheni msichana aliitwa Sauti, na jina likampenda. Jioni Fundi alimpigia simu.

"Haya, nitangazie treni iendayo moyoni mwangu."

"Imechelewa. Abiria mnaombwa mvumilie."

"Imechelewa hadi lini, mpenzi?"

"Fundi wewe! Lala, kesho kazi."

Sauti alikuwa anatania, lakini swali lilimchoma. Kwa maana Fundi alikuwa mkweli, alitaka ndoa, na Sauti alimtaka kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote duniani. Lililosimama kati yao ni deni.

Alimweleza mchana mmoja, wamekaa kwenye lile benchi. Alikuwa na shahada ya mawasiliano. Aliisoma kwa mkopo, na mama yake, mshonaji mjane, ndiye aliyetia kidole gumba kuwa mdhamini, akaiweka rehani nyumba yenye cherehani yake. Sauti alidhani akitoka chuoni atasoma habari kwenye runinga, mama ataacha kuinama. Akapata kibanda cha kioo. Kila mwezi mkopo ulikatwa kwanza, na kilichobaki hakikumfikisha mwisho wa mwezi. Waliosema kukopa harusi, kulipa matanga, walikuwa wamemwona yeye.

"Nimesomea kuongea na taifa zima," alisema. "Nimeishia kuwaambia watu waangalie mizigo yao."

"Na wanaiangalia," Fundi akajibu. "Niambie wasomi wangapi wanasikilizwa hivyo."

"Usinichekeshe. Nataka nilipunguze kwanza. Sitaki tuingie ndani watatu, mimi, wewe na deni."

"Mimi sina neno na huyo wa tatu. Lakini nitasubiri."

Kazi ile haikuwa na mapumziko. Jumapili, sikukuu, mvua, treni hazilali. Koo la Sauti likaanza kukwaruza, na hata nyumba ya ibada alikuwa akiisikia kwa mbali tu. Fundi akaona uchungu. Siku moja alikuja amechangamka kama mtu aliyeokota lulu.

"Usome matangazo yote mara moja, niyarekodi niyatie kwenye kompyuta. Jumapili mtu anabonyeza tu. Wewe unapumzika, unasali, halafu unakaa na mimi."

"Mkuu wa stesheni atakubali?"

"Niachie mimi."

Walijifungia kwenye stoo, wakatundika mablanketi ukutani ili mwangwi usiingie. Sauti alisoma moja baada ya jingine. Alipofika treni ya kusini, Fundi alivuta masikio yake kwa mikono miwili akatoa macho, na Sauti akamaliza tangazo kwa kicheko kirefu.

"Umeliharibu! Nianze tena."

"Hapana, ni zuri. Hicho kicheko nitakikata."

Jumapili iliyofuata ilikuwa yao. Alivaa gauni la kijani lenye vifungo mgongoni, kazi ya mama yake. Fundi alivaa shati jeupe lililomnukia sabuni. Baada ya ibada walipitia stesheni kujisikilizia. Tangazo la kusini likapita, safi, bila kicheko.

"Umekipeleka wapi?"

"Nimekiweka. Hicho si cha abiria."

Mungu amjalie kila binadamu Jumapili kama ile, maana Sauti hakupata nyingine.

Wiki haikuisha, mkuu wa stesheni akamwita ofisini. Alimkaribisha kiti, akamsifu, kisha akakunja mikono. Ile mashine imewapendeza wakubwa, alisema. Haiugui wala haiombi ruhusa. Mwisho wa mwezi ndio mwisho wake.

"Lakini ile ni sauti yangu, mzee."

"Ndiyo, na tunakushukuru. Shukuru na fundi. Yeye ndiye aliyetuletea wazo. Kijana ana akili sana yule."

Sauti alitoka akiwa haoni ngazi. Fundi alipompigia simu hakupokea. Ikalia tena na tena, mpaka akapokea.

"Umeniuza."

"Mpenzi, nisikilize. Mimi niliomba ya Jumapili tu. Sikujua kama..."

"Walikulipa?"

Upande wa pili Fundi alikohoa.

"Nakuuliza, walikulipa?"

"Walinilipa kazi ya kufunga mashine. Nilikuwa sijajua wanataka kukutoa."

"Hongera basi. Mimi mwenye sauti sikupata hata senti."

Akakata. Akalala kifudifudi na kitambaa chake cheupe mdomoni, chumba cha jirani wasisikie.

Akaanza kuzunguka na cheti. Huku walitaka uzoefu, kule walitaka afanye kwanza bure waone. Kisha mama akapiga simu, na sauti yake ilikuwa ndogo.

"Mwanangu, wamekuja watu wa mkopo. Wameizunguka nyumba wakiitazama. Mimi sijawajibu kitu. Nimewapa maji wakanywa."

Kazi iliyopatikana ilikuwa mwisho wa reli, kusini, kwenye kampuni ya simu. Afisa mawasiliano. Mshahara ungemaliza makato na kubaki, lakini mkataba ulikuwa wa miaka mingi, na kule hakujuana na mtu.

Siku aliyokwenda kuchukua haki yake ya mwisho, mkata tiketi alimshika mkono akamwingiza nyuma ya dirisha lake. Fundi alikuwa amekaa juu ya sanduku, amekonda, ovaroli limempwaya.

"Semezaneni," mama yule alisema. "Mimi ni kiziwi." Akawageuzia mgongo.

"Nilimpigia mkuu magoti aiondoe ile mashine," Fundi alisema. "Akanicheka. Nilitaka upumzike, wallahi, sikutaka jingine."

Sauti alimtazama usoni akajua ni kweli. Kwa kujua huko, maumivu yakazidi. Hasira ilikuwa imemshikilia, na sasa hakuwa na cha kushikilia.

"Nilikukosea kukuita muuzaji," alisema.

"Basi baki. Nikuoe na deni lako, na mama yako, na hilo koo linalokwaruza. Tutalipa kidogo kidogo."

"Kwa kazi zako za leo zipo kesho hazipo? Utalipa, ndiyo, nakujua. Lakini nyumba wataiuza kabla hujamaliza, na mama yangu atabeba cherehani kichwani kwenda wapi?"

Fundi akainama. Hakutaka kumdanganya.

"Nikungoje?"

"Usiningoje." Machozi yalikuwa yanamfikia kidevuni. "Nikikwambia ungoje, nitakuwa nimekukopa na wewe. Nimechoka kukopa."

Mkata tiketi, kiziwi, alikuwa akijifuta macho kwa mkono wa sweta.

Sauti aliondoka kwa treni ya asubuhi, amevaa lile gauni la kijani. Pale stesheni msimamizi wa treni hapulizi filimbi mpaka tangazo lisikike, ndiyo kawaida yao. Saa ya kuondoka ikafika, ikapita. Spika kimya. Msimamizi akatazama juu, filimbi mdomoni. Watu wakaanza kunung'unika.

Sauti akageuka. Ndani ya kibanda cha kioo alisimama Fundi, kidole juu ya kitufe, hakibonyezi.

Mola wangu, aliomba, nipe nguvu, maana akishindwa yeye na mimi nitashindwa. Akamtazama. Kisha akamwitikia kwa kichwa, mara moja.

Spika zikafunguka. "Treni ya kusini iko tayari, njia ya pili. Abiria mnaombwa mpande. Angalieni mizigo yenu." Na mwisho wake, juu ya vichwa vya watu wote wale, kikamwagika kicheko kirefu cha msichana mwenye furaha.

"Huyu naye anacheka nini?" bibi mmoja akauliza pembeni yake.

Sauti aliokota begi lake, akapanda.