Kalenda ya Siku za Nge

Ndugu zangu wa Kibiti na wa vijiji vyote vya delta, nipeni masikio kidogo. Mimi ni Mwalimu Silvesta, mtu wa bara, ambaye hadi leo nikipanda mtumbwi nashika kingo kwa mikono miwili nanyi mnacheka. Chekeni tu. Leo sina utani.

Mwaka tisini na tatu nilikuwa nafundisha chuo cha ualimu. Tulikuwa tumeletewa somo jipya, Utangulizi wa Elimu ya Anga, pamoja na darubini moja ya msaada yenye kioo kilichokwaruzika. Baada ya magharibi wanachuo walitandika mikeka kwenye uwanja wa mpira, wakalala chali, nami nikawaonyesha sayari na makundi ya nyota. Ilikuwa raha. Hata wavivu hawakutoroka kipindi kile.

Aliyewapita wote ni Amri, kijana wa Mbuchi. Aliufuatilia mwezi siku hadi siku na kuuchora daftarini, jinsi unavyozipita nyota zilezile kila baada ya siku ishirini na saba na ushei. Kwenye mtihani niliuliza kama nyota zina nguvu yoyote juu ya maisha ya mtu. Amri alijaza ukurasa mzima kueleza kwamba hazina, kwamba ziko mbali mno, na asiyeamini apige hesabu. Nilimpa alama zote.

Habari ya nge mnaijua, lakini niwaeleze wageni. Wazee wa pwani husema mwezi ukiingia kwenye nyota za Nge, siku mbili tatu hizo ni nzito: mtu hasafiri, haoi, haanzi kujenga. Shida yao ilikuwa kuzijua hasa siku zenyewe. Huyu alisema leo, yule akasema kesho, wakabishana mpaka harusi zikataka kuvunjika.

Amri alipokwenda likizo, baba yake, Mzee Mwinyimvua, alimuuliza, "Huko mnakotazama nyota, Nge mmeonyeshwa?"

Amri akamwonyesha, akamwambia na siku ambayo mwezi ungeifikia. Ukafika siku ileile. Mzee alijaa fahari, akaenda kuwasimulia wenzake msikitini. Wiki hiyohiyo Amri akachukua karatasi ya manila, akachora mwaka mzima, siku za nge kwa wino mwekundu. Watu wakainakili, ikabandikwa kutani hadi Kiongoroni. Mwaka uliofuata akachora nyingine. Wakati huo alikuwa ameshaajiriwa shule ya msingi upande wa Kibiti, na watu walimwita Mwalimu wa Nyota. Harusi haikupangwa bila yeye. Kijana wa miaka ishirini na minne anapishwa kwenye jamvi la wazee na sahani ya pilau inaanzia kwake. Nani angekataa? Sijui kama mimi ningekataa.

Desemba ya tisini na nne shule zilifungwa, Amri akaenda kwao. Dada yake, Mwanahalima, alikuwa amekuja kwa wazazi kujifungua mtoto wa kwanza. Mumewe alikuwa mbali, Kiongoroni, akikata mikoko. Uchungu ulianza jioni, na saa moja asubuhi mkunga, Bi Sihaba, alitoka chumbani akifuta mikono.

"Mtoto katanguliza mkono," alisema. "Huyu si wa kuzalishwa na mie. Mpelekeni hospitali sasa hivi, maji yangali yamejaa."

Boti ilikuwapo. Tangu biashara huria iliporuhusiwa, wanunuzi wa kambamiti, wale kamba wakubwa wa baharini, walikuwa wakiingia na barafu zao hadi Mbuchi, na mmoja wao, Paschal, alikuwa anaondoka asubuhi ileile na boti ya mashine kwenda Nyamisati. Kutoka Nyamisati kulikuwa na gari la Kibiti. Paschal alikubali kumchukua mgonjwa bila neno.

Mzee Mwinyimvua akasimama mlangoni. "Leo haondoki mtu. Leo nge."

"Baba, dada anakufa."

"Atakufa akitolewa leo. Kalenda si hiyo ukutani? Mkono si wako?"

"Ni wangu. Lakini haina kitu, baba. Niliichora kwa kuwa mliitaka."

"Hesabu ulikosea?"

"Hesabu ni sahihi."

"Mwezi leo haumo kwenye Nge?"

"Umo, baba, lakini..."

"Basi. Miaka miwili umekaa jamvini na watu wazima ukiwapangia safari zao. Ulitudanganya siku zile, au unanidanganya leo?"

Ndugu zangu, msimwone mzee katili. Alimpenda binti yake, na alikuwa anamkinga kwa elimu aliyoletewa na mwanawe mwenyewe.

Mama alilia. Majirani walikuja, na kila aliyekuja alikuwa na kalenda ileile nyumbani kwake, akamuunga mkono mzee. Saa tatu Bi Sihaba akatoka tena kusema kwamba mgonjwa anatokwa na damu. Hapo Amri akampiga baba yake kikumbo, jambo ambalo hakuwahi kulifikiria maishani, akamtoa dada yake na kumbeba hadi botini. Paschal alikuwa bado anangoja. Lakini zilikuwa siku za bamvua, na maji ya bamvua yakijaa sana hupwa sana. Hawakufika mbali. Kijito kilikauka, boti ikakaa kwenye tope katikati ya mikoko, na Amri alijua bila kuuliza mtu kwamba maji hayatarudi hadi saa nane.

Wakangoja juani. Mwanahalima aliomba maji ya kunywa, kisha akamuuliza kaka yake kama mtoto atakuwa wa kiume. Amri akamwambia ndiyo, wa kiume. Saa sita Mwanahalima alinyamaza, na mtoto hakuzaliwa.

Baada ya mazishi mzee alimwita Amri kando. "Kweli haina kitu?"

"Haina, baba."

"Na ulijua?"

"Nilijua."

Mzee Mwinyimvua hakusema naye tena mpaka alipofariki, miaka sita baadaye.

Nami kuna jambo nimewaficha hadi hapa. Kalenda ile niliiona. Amri aliniletea nakala chuoni, tukacheka wote wawili, nikamwambia, "Waache wazee na mambo yao. Ila umechora vizuri." Januari baada ya msiba alikuja kwangu, akakaa kutwa nzima. Hakunilaumu hata kwa neno moja. Ningeshukuru kama angenilaumu.

FUNDISHO

Uliyesoma, ukijua jambo ni uongo usilipambe kwa elimu yako ili upate heshima. Uongo wa asiyesoma watu huubishia, lakini uongo uliobebwa na hesabu sahihi nani ataubishia? Kama umeshakosea, sema mapema, siku ya harusi, wakati hasara ni aibu yako tu. Usingoje siku ya mgonjwa, maana siku hiyo hakuna atakayekusikia. Walimu wenzangu, tusiwacheke wazee pembeni. Tukae nao tuwaambie, hata wakikasirika. Nanyi wazazi, mwenye uchungu hana siku nzito wala nyepesi. Mpelekeni maji yakiwa yamejaa.

Mwanahalima binti Mwinyimvua alikuwa na miaka ishirini na mmoja.