Bonde la Kwetu Si Bonde la Keshero

Wajukuu wangu, kabla ya yote, kitendawili. Mama mumoja, matumbo mengi, na kila tumbo linakataa chakula cha mwenzake. Ni nani? Musijibu haraka. Janvier naye hakujua jibu, na kutokujua huko karibu kumuue.

Janvier na muke wake Uwingabire walitoka Masisi mwaka wa 2008, vita ilipofika kwenye kilima chao. Walikuja Goma kwa miguu pamoja na mutoto wao, Bénie. Muzee Célestin wa Majengo, ndugu wa kanisa, aliwaazima parsele yake, kiwanja cha Keshero, karibu na ziwa. Wakajenga kibanda cha mbao, wakakifunika na bashi, turubai nyeupe la musaada.

Kila asubuhi kazi ilikuwa ileile. Uwingabire alishuka ziwani na bidoni ya njano kuchota maji. Bénie alipuliza moto. Janvier alikaa juu ya jiwe, anatazama upande wa Masisi.

"Papa Bénie, uji unapoa," Uwingabire alisema.

"Maharagi yangu kule yanakomaa. Nani anayala? Askari?"

"Wacha wayale."

"Mimi ni mulimaji! Kunyoosha sahani kila siku kwa watu wa musaada, hapana. Nitarudi kuvuna."

Uwingabire akaweka kikombe chini. "Nsabimana naye alisema hivyo. Alirudi kuvuna. Nani alimuona tena?"

Nsabimana alikuwa jirani yao kule kilimani. Mpaka leo watoto wake wanamungoja.

"Nipe musimu mumoja," Uwingabire alisema. "Tulikuja na mbegu. Zikizaa hapa, unabaki na sisi. Zikikataa, sitakushika tena nguo."

"Musimu mumoja," Janvier alikubali. "Bénie ni shahidi."

Wakapanda kama walivyozoea Masisi. Lakini jembe liligonga mawe ya volkano, likalia, likatoa cheche za moto. Walikwangua udongo kidogo katikati ya mawe, wakafukia maharagi. Mvua ikanyesha. Maharagi yakaota, na Uwingabire akaanza kuimba. Kisha jua likawaka. Yale mawe meusi yakawa moto kama sufuria. Majani yakakauka yote.

Janvier aling'oa shina moja, akalivunja kwa vidole. "Unaona? Hata mvua inakataa kulala hapa. Inapita tu kama mugeni mwenye haraka."

Walibaki na nusu ya mbegu.

Nyuma ya parsele kulikuwa na bonde dogo, kama sahani kubwa. Siku moja Janvier alisimama juu yake, akaona chini udongo mweusi na majani mabichi marefu. Akarudi nyumbani mbio, anacheka peke yake.

"Muke wangu, tulikuwa vipofu! Kwetu mvua inaosha kilima, inapeleka mafuta ya udongo chini. Mwenye bonde ndiye tajiri. Na sisi tuko na bonde nyuma ya nyumba!"

Uwingabire naye alifurahi. Hawakujiuliza kitu kimoja: watu wa Keshero wana njaa ya udongo. Mbona wameacha bonde zuri namna ile?

Kesho yake alfajiri, jua halijatoka na upepo haujaamka, Janvier alichukua jembe. Uwingabire alimufuata na bakuli ya mbegu. Wakati ule jirani yao, Mama Kahindo, alikuwa anapita na kitunga cha tomate kichwani. Mama Kahindo ni mutu wa Butembo. Zamani alifanya biashara ya mbali, akazunguka karibu Congo nzima. Sasa anauza mboga sokoni. Alipoona Janvier anashuka bondeni, akapiga kelele.

"Papa Bénie! Toka mule! Toka sasa hivi!"

Janvier akakasirika. "Mama Kahindo, nawe unalitaka bonde? Wewe ulitoka Butembo, mimi nilitoka Masisi. Wote tuko wageni hapa!"

"Bonde ni lako, chukua! Lakini toka! Kuko mazuku!"

"Mazuku ni maneno ya kutisha watoto."

Akashuka mpaka chini. Akainama, akapiga jembe. Udongo ulikuwa laini. Akapiga tena. Ghafula jembe likawa zito. Kichwa kikazunguka. Miguu ikatetemeka kama ya ndama aliyezaliwa sasa hivi. Akapiga goti.

Uwingabire aliacha bakuli chini, akataka kushuka mbio. Mama Kahindo aliacha kitunga kianguke, akamushika kikwembe alichojifunga.

"Niache! Mume wangu anakufa!"

"Ukishuka munakufa wawili! Bénie atabaki na nani?"

Chukudu ya jirani, ile baiskeli ya mbao ya kubebea muzigo, ilikuwa imeegemea ukuta, na kamba ya kufungia muzigo iko juu. Mama Kahindo akavuta ile kamba, akaitupa bondeni.

"Papa Bénie, simama! Kichwa juu! Usiiname! Shika kamba!"

Janvier alisikia sauti kama inatoka mbali. Akajikaza, akasimama, akashika. Wale wanawake wawili wakavuta kwa nguvu zao zote. Akapanda, anayumbayumba. Alipofika juu, akaanguka, akatapika, akavuta pumzi kama mutu aliyetolewa ziwani.

Wakamupeleka kituo cha afya. Muuguzi akamuangalia, akamupumzisha. Mchana akarudi nyumbani, kichwa bado kinamuuma.

"Tomate zako, Mama Kahindo," alisema kwa haya. "Ziliharibika kwa sababu yangu."

"Nilizipika. Sijawahi kula supu ya bei kali namna ile."

Asubuhi iliyofuata Mama Kahindo alikuja na kibatari na fimbo ndefu. Wakasimama wote juu, mbali na ukingo. Alifunga kibatari kwenye ncha ya fimbo, akakiteremsha bondeni pole pole. Kilipokaribia majani, moto ukazimika. Akakiwasha tena. Ukazimika tena.

"Nani anapuliza?" Bénie aliuliza.

"Hakuna anayepuliza, mutoto wangu. Mazuku ni hewa mubaya. Inatoka chini ya ardhi, kwenye mipasuko ya volkano. Ni nzito kuliko hewa ya kupumua, kwa hiyo inashuka kama maji na kulala mahali pa chini. Huioni. Mara nyingi huisikii hata harufu. Alfajiri na usiku, wakati hakuna upepo, ndipo inajaa zaidi. Mutu akiinama kulima, ni kama ameingiza kichwa ndani ya maji."

Akanyoosha fimbo. "Munaona wale ndege? Munaona yule panya? Wamekufa. Na haya majani yako mabichi kwa sababu mbuzi anayeyafuata harudi. Mukiona mutu ameanguka mule, musishuke. Iteni watu, tafuteni kamba."

Janvier akatikisa kichwa. "Lakini kwetu bonde ndiyo mali."

"Kwenu! Kwenu si Congo nzima, Papa Bénie. Haya, kitendawili. Mama mumoja, matumbo mengi, kila tumbo linakataa chakula cha mwenzake."

Bénie akaruka. "Ng'ombe!"

Mama Kahindo akacheka mpaka akashika mbavu. "Mutoto wa Masisi kweli! Hapana. Matumbo ya ng'ombe yanakula majani yaleyale. Mama huyu ni inchi yetu, Congo, na matumbo ni udongo wake wa kila mahali."

Wakakaa juu ya mawe. Mama Kahindo akaeleza.

"Nilipita mahali pengi na biashara yangu. Katikati ya inchi kuna pori kubwa. Mvua inanyesha karibu mwaka muzima. Unaona miti mirefu, unasema udongo una mafuta. Uongo! Mafuta yako juu tu, kwenye majani yanayooza. Ukikata miti na kuchoma, unavuna mara mbili tatu, udongo unachoka. Ukienda kusini, Katanga, unakuta nyasi na miti iliyoachana. Udongo wake ni mwekundu, na miezi mingi inapita bila tone la mvua. Ukipanda kule kwa kufuata mvua ya Masisi, utalia. Upande wa magharibi, kuna mahali pa muchanga mwingi. Muhogo unavumilia, lakini mimea mingine inasumbuka. Kwetu Butembo na kwenu Masisi ni milima, ni baridi, na udongo ni wa zamani sana."

"Na hapa?" Uwingabire aliuliza.

"Hapa ni mawe yaliyotoka kwenye moto juzi tu. Juzi ya mulima, si juzi ya mutu."

"Basi ardhi ya hapa ni maiti," Janvier alisema.

"Maiti? Ni mutoto muchanga! Nguvu iko nayo, lakini haijaota meno. Hayo mawe yatakuwa udongo muzuri sana siku moja, lakini mimi na wewe hatutakuwapo. Leo inabidi umutafunie mutoto chakula."

"Namutafunia namna gani?"

"Jembe uliweke kando. Anza na mikono."

Walichagua mahali pa juu, penye upepo. Wakakusanya mawe ya volkano, wakayapanga kwa duara, ukuta wa kufika magotini. Chini, kwenye matundu, wakalaza majani makavu ya ndizi na magunia yaliyochakaa, udongo usipotelee kati ya mawe. Mama Kahindo alileta kutoka sokoni maganda ya ndizi na mboga zilizooza. Bénie aliokota mavi ya mbuzi. Walichanganya vyote na udongo kidogo waliokwangua kila mahali, wakavifunika, wakaviacha vioze. Kisha wakapanda nusu ya mbegu iliyobaki, na mboga ya lengalenga pembeni. Juu ya udongo wakatandika nyasi kavu, jua lisinywe maji. Jioni Uwingabire alimwagilia kwa maji ya kuoshea mboga.

Mutu mumoja alipita na chukudu yake, akasimama. "He! Munazika nani hapo?"

"Tunazika njaa!" Mama Kahindo alijibu. "Shuka usaidie kubeba mawe, usitazame musiba bure!"

Yule mutu akacheka, lakini akashuka.

Mvua ikanyesha, na safari hii ilikuta mahali pa kulala. Jua likawaka, na chini ya nyasi udongo ukabaki na unyevu. Maharagi yakapanda juu ya vijiti, yakatoa maua.

Lakini maua si chakula. Siku moja habari ikafika sokoni: askari wametoka kilimani, barabara imefunguka, gari linaenda Masisi asubuhi. Janvier alisikia. Jioni ile alikula kidogo tu.

Asubuhi Uwingabire aliamka, akapapasa pembeni yake. Hakuna mutu. Jembe halipo. Magunia hayapo. Akajua. Hakulia, kwa sababu Bénie alikuwa anamuangalia. Akachukua maji, akaenda kumwagilia maharagi.

Mama Kahindo alifika, akauliza kwa sauti ya chini, "Hukumushika?"

"Nilimuomba musimu mumoja. Hata haujaisha. Ameshindwa kungoja."

Siku ile ilikuwa ndefu. Uwingabire alipalilia mahali pasipo na magugu. Kila gari lililopita barabarani, aliinua kichwa.

Jua lilipoanza kushuka, akasikia magurudumu ya mbao yanakwaruza mawe. Chukudu iliingia kwenye parsele. Juu yake kulikuwa na magunia yaliyojaa, na nyuma yake mutu mweupe kwa vumbi, anasukuma.

"Fungueni njia," Janvier alisema. "Muzigo huu ni muzito."

Uwingabire alisimama kama muti. "Ulienda wapi?"

"Nilipanda gari, sitakudanganya. Tulipofika Sake, dereva akasimama kuuliza habari za barabara. Pale vijana walikuwa wanachimba mufereji. Udongo mweusi wanautupa tu pembeni! Nikaona uchungu. Udongo namna ile unatupwa, na maharagi yetu hapa yanakula kwa kijiko. Nikashuka. Vijana wakasema, chukua hata wote. Nikaomba chukudu."

"Na shamba ya kule?"

"Shamba ya kule itangoja amani. Maharagi yale ni yangu, lakini sitayafia. Nikifa kule, Bénie atavuna nini?"

Uwingabire akamupiga begani na kitambaa chake chenye maji. Akamupiga tena. Alikuwa anacheka, na machozi yanashuka. "Umeniua leo, mwanaume wewe! Siku nyingine ukienda kutafuta udongo, aga!"

"Nitaaga. Sasa nisaidie kushusha, mugongo unakatika."

Na udongo wa Sake wakaongeza duara lingine, na lingine. Maharagi yakazaa. Uwingabire alitenga mbegu kwanza, kisha akapika. Lengalenga ilikuwa nyingi, ikabaki ya kuuza. Janvier na majirani walizungushia lile bonde miti yenye vitambaa vyekundu, na kila mutoto wa mutaa akafundishwa asiingie mule, hata mupira wake ukiangukia ndani.

Musimu uliofuata wakimbizi wengine walifika kutoka Rutshuru. Kati yao alikuwa mama mumoja jina lake Mukashyaka. Alisimama mbele ya maharagi, akayashika majani kama mutu anayeshika nguo sokoni.

"Papa," alimwambia Janvier, "nisaidie udongo kidogo nami nianze."

Janvier aliinama, akaokota jiwe jeusi, akamuwekea mikononi.

"Ninaomba udongo, na wewe unanipa jiwe?"

"Udongo utakuja, mama," Janvier alisema. "Tuanze na hili."