Mtani wa Mwambani

Chai ya asubuhi ile ilikuwa na chumvi. Hilaria aliionja mara ya pili, akamtazama mumewe, akamuuliza kama yeye ndiye aliyechanganya kopo la chumvi na la sukari. Dominiko akasema hajui. Wakamwaga, wakachota maji mengine mtungini, wakachemsha upya, na chai ikatoka na chumvi vilevile. Hilaria akaenda kuwauliza majirani, maana bomba la kambi lilikuwa moja kwa wote. Kila nyumba ilikunywa maji matamu.

Dominiko alikaa mlangoni akifunga vitambaa miguuni ili miiba ya mkonge isimchome, na hakuinua uso. Ilikuwa Jumanne. Jumapili alikuwa baharini.

Ilikuwa miaka ile baada ya vita vya Hitla, Mwingereza bado anatawala, na mashamba ya mkonge ya upande wa Magoma yalijaa watu wa kila kabila. Baba yake Dominiko alitoka Unyamwezi kuja kukata mkonge, na Dominiko mwenyewe alizaliwa kambini. Bahari alikuwa anaisikia tu. Athuman, mwenzake wa kazi, kwao ni Tanga mjini. Ndiye aliyewashawishi yeye na jirani yake Habakuki wapande treni pale Korogwe, walale kwa mjomba wake, na asubuhi wakavue kwa ngalawa ya mjomba.

Walipoyaacha maji mafupi na kuingia kwenye mawimbi, Dominiko akainamia ubavu wa ngalawa. Alitapika mpaka ikabaki nyongo. Habakuki, aliyepewa kopo la kufua maji yaliyoingia chomboni, alisema tangu azaliwe hajaona mtu anayelisha samaki kabla ya kutia chambo. Athuman alicheka mpaka usukani ukamponyoka. Dominiko naye alijichekesha, lakini fedheha ilimkaa kooni pamoja na ile nyongo.

Walitia nanga mbali, juu ya mwamba uliofunikwa na maji. Dominiko ndiye aliyepata samaki wa kwanza, chewa mnene. Athuman akamwambia amrudishe, kwa kuwa mahali pale samaki wa kwanza huwa ni wa mwenye mwamba. Dominiko akaona hapo ndipo pa kujirudishia heshima mbele ya wenzake. Akamtupa samaki kapuni.

"Mwambie mwenye mwamba mimi na yeye ni watani," akasema. "Akimtaka samaki wake aje Magoma, achukue kwangu anachopenda, kama mashemeji zangu wanavyonichukulia kuku."

Mkewe alikuwa Mzigua wa Kwaluguru, kule Handeni, na Wazigua na Wanyamwezi ni watani tangu zamani. Mtani huingia kwako akabeba kuku, akavaa kofia yako, akasema hata mtoto huyu ni wangu, nawe huna ruhusa ya kukasirika. Habakuki alicheka. Athuman hakucheka. Alisema kwao hawaanzishi utani na mtu wasiyemwona.

Muda si mrefu mshipi wa kuvulia wa Dominiko ukakaza. Alikuwa ameuzungusha kiganjani, kosa la mtu wa bara, na alipotaka kuuachia ukawa umeshamkata nyama. Ukamvuta mpaka kifua kikalala ubavuni mwa ngalawa, kisha uso ukagusa maji, na pale chini ya uso wake mawimbi yalikuwa yametulia kama maji ya kwenye beseni, baridi, na ndani yake kulikuwa na kitu kinachomtazama kwa furaha, kama mtu aliyekaribishwa ndani na sasa anachagua pa kukaa. Dominiko alisema maneno. Aliyasema kwa sauti ndogo, mdomo ukiwa majini.

"Usinichukue mimi. Nyumbani nina mtoto. Mchukue huyo."

Mshipi ukalegea hapo hapo. Wenzake wakamvuta kwa miguu. Walidhani alikuwa anasali, na yeye akawaacha wadhani hivyo.

Baada ya ile chai, akapotea kuku. Mlangoni pa banda palikuwa na magamba ya samaki. Hilaria akacheka, akasema hawa lazima ni kaka zake, wamekuja kuchukua haki yao bila hata kusalimia. Kesho yake kofia ya Dominiko haikuwa msumarini, na ukutani pale paliachwa alama ya unyevu. Nyumba ikaanza kunuka mwani. Hilaria hakuijua harufu ile, akasema labda panya amefia darini. Dominiko akapanda darini kumtafuta panya, akijua fika hayupo, akakaa huko juu kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika kwa sababu aliona haya kushuka.

Mtoto wao, Valerian, alikuwa ndiyo kwanza anaanza kutambaa. Jioni moja, koroboi limewashwa, aliketi mkekani akaanza kuichekea pembe moja ya nyumba. Akainua mikono yote miwili, kama mtoto anavyoinua anapotaka kubebwa.

"Baba Vale," Hilaria alinong'ona, "mtoto anamchekea nani?"

"Anacheka tu."

Hilaria akamnyanyua, akambusu utosini. Akarudisha kichwa nyuma, akapitisha ulimi midomoni. Nywele za mtoto zilikuwa mbichi, na zilikuwa na chumvi.

Ndipo hodi ikapigwa. Sauti ilikuwa nzito, kama ya mtu mwenye maji kinywani, na ilisema, "Hodi, mtani." Kwao Hilaria ndivyo wanavyobisha wakifika kwa Mnyamwezi. Dominiko alitaka kumziba mkewe mdomo, lakini angemweleza nini, na wakati yeye bado anapima aibu yake Hilaria akaitika, "Karibu," na mlango haukufunguka, komeo halikusogea, ila sakafu ya udongo ikaanza kulowa kuanzia kizingitini, unyayo mmoja, kisha mwingine, nyayo pana, taratibu, zikipita kando ya mafiga, zikipita kando ya miguu ya Dominiko bila kumjali, mpaka zikafika kitandani anapolala mtoto, zikakoma hapo, na kitanda kikalia kama kinavyolia mtu mzima anapokikalia.

Siku ya pili yake Hilaria alituma ujumbe Kwaluguru kumwita shangazi yake, Bi Mwantumu, mganga.

Bi Mwantumu alikuwa mwanamke mfupi, mchache wa maneno. Alifukiza ubani, na moshi ukainama wote upande wa kitanda. Akautazama kwa muda, akasema jini hili halikutumwa na mbaya wao, wala halikupotea njia. Limealikwa. Limekaa kama mwenye haki yake. Kama mgeni huyu amefanywa mtani, dawa ya kumfukuza haipo, maana mtani hafukuzwi. Aliyemwita amvue utani wenyewe, kwa kuyatoa maneno aliyomwambia, mbele ya watu wa nyumba hii.

"Yote, mkwe wangu," alimwambia Dominiko. "Usibakize hata moja."

Dominiko akaeleza. Alieleza jinsi alivyotapika na wenzake wakamcheka, akaeleza habari ya chewa, akayarudia yale maneno ya kuku na mashemeji. Hilaria alimshika goti, kumpa moyo. Mkono ule ulimwelemea. Alifika kwenye mshipi uliokaza, akasema, "Ukanivuta, wenzangu wakanishika miguu." Akaishia hapo.

"Yamekwisha?" Bi Mwantumu aliuliza.

Dominiko alitazama vidole vya miguu yake. "Yamekwisha, shangazi."

Yule mama alizima ubani wake. Kisha akasema kama yamekwisha, mgeni atakwenda. Akafunga mkoba wake akaondoka, na hakuaga kwa mkono.

Wakapata nafasi ya kupumua. Chai ikawa chai. Hilaria alianza kuimba tena akitwanga, na kila alipomsifu mumewe kwa majirani, kwamba ni mwanamume asiyeona haya kukiri kosa, Dominiko alitafuta kazi ya kufanya nyuma ya nyumba.

Siku mgeni aliporudi, ilikuwa jua la utosi. Wakata mkonge humaliza mapema, na Dominiko alirudi akakuta Hilaria yuko bombani, mtoto amemwacha amelala. Kitanda kilikuwa kitupu. Godoro la majani lilikuwa linachuruzika maji. Akasikia kicheko cha Valerian uani, akatoka, akamwona ndani ya pipa la kufulia.

Pipa lilikuwa limejaa. Mtoto alikuwa wima ndani yake, mtoto ambaye bado hajui kusimama, maji yamemfika kidevuni, na kifulana chake kilikuwa kimekunjamana chini ya makwapa kama kinavyokunjamana mtoto anaposhikwa na mikono miwili. Alizamishwa, akainuliwa, akacheka. Akazamishwa tena, safari hii kwa muda mrefu zaidi. Dominiko alimkamata akavuta, na mtoto alikuwa mzito kama nanga, akavuta mpaka kovu la kiganjani likachanika, na Hilaria akaja mbio akaangusha ndoo akamshika naye, na Habakuki akaruka ua wa mabua, wote watatu wakavuta, na kadiri walivyovuta ndivyo kichwa kidogo kilivyozidi kushuka, macho yakiwa wazi chini ya maji, yakimtazama baba yake.

"Nilimpa," Dominiko alisema.

Hilaria hakuelewa. Aliendelea kuvuta.

"Nilimwambia aniache mimi, amchukue mtoto. Nilisema nyumbani nina mtoto, mchukue huyo. Niliyasema mwenyewe."

Mtoto akawa mwepesi. Alitoka pipani kwa ghafla hata Hilaria akaanguka naye chali, akakohoa, akalia, na kilio kile kilikuwa kizuri kukisikia. Kutoka pipani kikapanda kicheko kirefu, cha mtani aliyemshinda mwenzake mbele ya watu. Nyayo pana zikavuka ua kuelekea mto Lwengera, na jua likazikausha moja baada ya nyingine.

Habakuki alivua kofia yake, akaishika, akaivaa tena, akaenda zake. Hilaria alimfunga mtoto kwa kanga, akamkausha masikio, kila mkunjo wa shingo, bila kumtazama mumewe.

Hilaria hakuondoka. Alipika, alifua, aliitika alipoitwa. Lakini alipotaka kwenda bombani alimbeba Valerian mgongoni, hata kama amelala. Na ndugu zake wa Kwaluguru walipokuja na utani wao, walibisha hodi mpaka wakataja majina yao na ya baba yao ndipo wakafunguliwa.

Mvua za vuli zilipoanza, Valerian alitembea. Alitoka kwa mama yake, akayumba, akavuka ua mzima na kumwendea baba yake aliyekuwa amechuchumaa na mikono wazi. Hilaria alisimama mlangoni. Hakumkataza. Mtoto alifika, akaweka kiganja kwenye shavu la baba yake, kisha akakitia mdomoni, kama watoto wafanyavyo. Akakunja uso. Akatema.

Hilaria akaja akamchukua.

Dominiko alingoja mpaka wameingia ndani. Akaenda nyuma ya nyumba, akalamba mkono wake, ukawa na chumvi. Akanawa kwa maji ya mvua, akalamba tena. Akanawa tena.