Kabati la Kwandu

Msimu ule pamba ilimwagika Bariadi hadi barabarani. Wanunuzi binafsi walikuwa wamefungua vituo kila kona, malori yalipishana, na soko lilinguruma tangu asubuhi. Kwenye baraza la duka la Mzee Mustapha, nyuma ya marobota ya vitenge, Wilhelmina alikuwa ameinama juu ya meza yake akinyoosha suruali ya mwalimu, pasi yake ya mkaa ikifuka moshi mwembamba.

Kivuli kikaangukia suruali.

"Mwangaluka, dada."

"Mwangaluka. Sogea, unanizibia mwanga."

Kivuli kilisogea, lakini mwenyewe hakuondoka. Alikuwa kijana mrefu, shati lake la drafti limekunjwa mikono, vumbi la mbao limemkaa kwenye nyusi kama unga. Mkononi alishika utepe mwembamba wa mbao uliokunjwa kama mkanda wa suruali.

"Naomba uniazime pasi," alisema.

"Nini?"

"Pasi. Kidogo tu."

Wilhelmina aliweka mkono kiunoni. Siku ile alivaa gauni la kitenge cha bluu alilojishonea mwenyewe, mabega yamepandishwa kidogo kama ilivyokuwa mtindo, na alijua limemkaa. "Kaka yangu, mtu huazima chumvi. Huazima jembe. Pasi ya mshonaji ni mkono wake. Nikuazime mkono?"

"Ukinipa mkono sitaurudisha."

Ndani ya duka Mzee Mustapha alicheka mpaka akakohoa. "Mpe, binti yangu! Huyo ni Method, seremala wa nyuma ya soko. Mtu wa Nyalikungu, Maswa. Mwizi wa maneno tu, si wa vitu."

Method akaeleza shida yake. Wateja siku hizi walitaka kabati za plaiwudi, nyepesi, za kisasa. Lakini plaiwudi ikikatwa, pembeni huonekana matabaka yake yote, kama mkate uliokatwa kwa kisu butu. Huko Mwanza walikuwa wameanza kuuza utepe huu, mbao nyembamba kama karatasi, mgongoni umepakwa gundi kavu. Ukiupasha moto juu ya ukingo wa ubao, gundi inayeyuka na kushika. Yeye alijaribu kwa bati lililochomwa motoni akaunguza utepe wote.

"Pasi haitoki hapa," Wilhelmina alikata shauri. "Lete ubao."

Akaleta. Wilhelmina alilowesha kidole kwa mate akaigusa pasi, akasikiliza inavyolia, akafungua kifuniko akapunguza makaa. Kisha akatandika kipande cha kitambaa cha marekani juu ya utepe ili gundi isichafue pasi yake, akapitisha taratibu. Nyuma yake Method alifuata na kigogo akikandamiza. Utepe ukalala. Harufu ya gundi na mbao ya moto ikapanda puani.

Method, kwa furaha, akachukua patasi kukata ukingo uliozidi. Utepe ukanyanyuka wote kama ngozi ya kidonda.

"Una haraka ya kwenda wapi?" Wilhelmina akamuuliza. "Gundi bado mbichi. Hata uji hupoa."

Wakangoja. Ulipopoa, Method aliilaza patasi bapa juu ya ubao, akaisukuma kufuata nyuzi za mbao. Ziada ikatoka kwa mkunjo mmoja mrefu. Akapiga msasa, akakipitisha kidole chake kwenye ukingo, halafu akakichukua kidole cha Wilhelmina akakipitisha hapohapo.

"Unasikia maungio?"

"Sisikii."

"Basi tumeweza," alisema, na kidole hakukiachia mara moja.

Tangu hapo kila alasiri, nguo za watu zikishaisha, Wilhelmina alibeba pasi yake hadi karakana. Yeye alibandika, Method alipunguza. Walitaniana mpaka mafundi wa jirani wakachoka kusikiliza.

"Mina, mume wako atapata shida. Unapenda kuamuru."

"Mume wangu atakuwa na akili. Atanyamaza."

"Nimenyamaza."

"Nani amekuita wewe mume?"

Jumapili waliimba kwaya moja, yeye sauti ya kwanza, Method besi. Baada ya misa walikaa kwenye ngazi za kanisa wakila karanga, na hapo ndipo Method alipomwambia, bila utani safari hii, kwamba msimu ukiisha angemtuma mshenga kwa mzee. Wilhelmina alifunga macho akasema, "Asante, Yesu," kwa sauti ya kusikika kabisa, kisha akaona haya.

"Mzee," ndivyo Method alivyomwita baba yake Wilhelmina. Jina hakulijua. Usukumani jina la baba mkwe halitajwi hovyo, na kwa kuwa Method moyoni alishajihesabu mkwe, hata kuliuliza aliona ni utovu wa adabu. Wilhelmina aliipenda heshima hiyo. Hakumtajia.

Kazi kubwa ya msimu ule ilikuwa kabati la nguo la milango mitatu na kitanda chake, oda ya Ngeleja wa Kalemela, mtu mpole, wakala wa kampuni moja ya kununua pamba. Alikuja karakana mara moja, suti ya kaunda imenyooka, akasema anaoa, akaomba kazi safi. Wilhelmina hakuwapo siku hiyo. Lakini kabati alilipenda.

"Heri huyo bibi harusi," alisema akipiga pasi ukingo wa rafu. "Hata hajui nani anamtolea jasho."

"Letu litakuwa la mninga," Method akajibu. "Halitahitaji utepe."

Alasiri moja kulikuwa kumebaki mlango mmoja tu. Method alikuwa nje akinoa patasi. Wilhelmina aliusimamisha mlango, akaufuta vumbi ukingoni, akaona maandishi ya penseli. Ilikuwa desturi ya Method kuandika jina la mwenye kazi kwenye ukingo mtupu, ili mbao za wateja zisichanganyike. Huko hayachafui, kwani utepe unakuja kuyafunika.

Yalisomeka: *Kwandu Mboje.*

Mjini walimjua kwa jina la ubatizo. Kwandu lilikuwa jina lake la nyumbani, la bibi yake mzaa baba, na halikuwa limevuka mipaka ya Nkololo, kijijini kwao. Mboje alikuwa baba yake.

Alisoma tena. Pasi ikaanza kuunguza meza. Hapohapo alikumbuka siku ya Pasaka, mtu wa kaunda suti aliyemsalimia baba yake nje ya kanisa la Nkololo, akamtazama yeye muda mrefu kidogo kuliko adabu. Naye Method ameliandika jina hili kwa mkono wake mwenyewe! Amejua. Amepokea kazi, akamweka yeye kubandika, huku akimwita Mina.

Method aliingia akipuliza patasi. "Umemaliza, malaika wangu?"

"Hongera, fundi," Wilhelmina alisema. "Kazi nzuri. Mwenye kabati ataipenda."

Akachukua pasi yake ikiwa bado na makaa, akaondoka nayo.

"Mina! Kuna nini? Mina!"

Hakugeuka. Kesho yake alikuwa Nkololo.

Alimkuta baba yake zizini. Mzee Mboje hakuwa mtu wa kuzungukazunguka.

"Ni kweli, mayu, binti yangu. Nilitaka kukwambia tukimaliza kuvuna. Ngeleja ni Mkristo, hanywi, ana kazi."

"Ng'ombe wa mahari wako wapi, baba? Zizini siwaoni."

Mzee alikuna ndevu. "Walikuja wakapita. Wamemleta Lucy."

Lucy, aliyeolewa juzijuzi, alikuwa mke wa kaka yake, Mashimba. Alikuwa ameketi mlangoni akichambua mchele, tumbo lake limeanza kujaa. Alimwona wifi yake akatabasamu na kumsogezea kigoda. Ndivyo ilivyo kwa watu wengi wa huko: ng'ombe wa dada ndio wanaomwoza kaka. Mashimba alingoja muda mrefu, na dada alikuwa mmoja tu.

"Padri atakuuliza mbele ya watu kama unakubali," baba yake aliendelea, sauti imeshuka. "Ukisema hapana, sitakupiga, wala sitakulaani. Nitakwenda kwa wakwe wa Mashimba, nimrudishe binti yao, nidai ng'ombe nimrudishie Ngeleja. Sina wengine."

Wilhelmina aliingia ndani akapiga magoti kando ya kitanda cha mama yake. Alimwomba Mungu amwonyeshe njia. Aliomba mpaka magoti yakafa ganzi. Alipofumbua macho, kupitia mlango ulio wazi, alichokiona ni Lucy, akipuliza pumba kwenye ungo na kuimba polepole.

Katika kijiji chote simu ya mkononi ilikuwa moja, ya katekista Januarius, na mtandao ulipatikana juu ya kichuguu nyuma ya kanisa. Jumamosi adhuhuri Januarius alikuja mbio akihema.

"Kuna kijana anapiga kutoka duka la Mustapha. Mara ya ngapi sijui! Panda upesi, chaji inaisha!"

Alipanda kichuguu, khanga mkononi, simu sikioni.

"Haloo? Mina? Nimekukosea nini? Niambie tu, niombe msamaha hata kabla sijajua."

"Uliandika jina langu."

"Jina gani?"

"Kwandu Mboje. Kwenye mlango."

"Hilo ni la mchumba wa Ngeleja. Alisema niandike hivyo, ndiye mwenye kabati." Upepo ulivuma kwenye simu. "Mina, huyo Kwandu ni nani?"

"Ni mimi, Method."

Wilhelmina akasikia sauti ya Mzee Mustapha ikisema kwa mbali, "Kaa, mwanangu, kaa kwenye gunia," na akajua Method hakuwa akijua chochote.

Wilhelmina naye aliketi juu ya kichuguu. Hasira ndiyo iliyokuwa imemsimamisha siku zote hizo. Sasa imeondoka, na kilichobaki hakikuwa na mahali pa kuegemea.

"Nisamehe," alisema. "Nilikudhania ubaya."

"Sikuuliza jina la mzee. Ningewezaje? Mina, rudi. Tutaongea."

Alirudi Bariadi Jumatatu kuchukua cherehani yake. Walionana kanisani mchana, kanisa likiwa tupu. Method alikuwa amenyoa, amevaa shati jeupe la kwaya, macho mekundu.

"Twende Mwanza," alimwambia. "Leo. Faini ya kukutorosha nitalipa maisha yangu yote, nitachunga, nitalima."

"Faini italipwa nawe. Lucy atalipwa na nani?"

"Lucy si mimi!"

"Ana mtoto tumboni, Method. Arudishwe kwao na mtoto kama kitenge kilichokataliwa, ili mimi nifurahi? Nitasali vipi?"

"Na mimi je? Au kwa kuwa sina tumbo la kuonyesha watu?" Alisema hivyo, kisha akaufunika uso kwa viganja.

Wilhelmina aliushika mkono wake, akapiga magoti, na Method, baada ya kitambo, akapiga magoti kando yake. Walijaribu Baba Yetu. Walipofika *mapenzi yako yatimizwe* Method alinyamaza, akamwacha amalize peke yake.

"Nikuombe jambo," Wilhelmina alisema wakiinuka. "Kabati usilete wewe. Mtume mtu."

"Nitamtuma mtu."

"Na uoe."

"Hilo usiniombe."

Alimbebea cherehani begani hadi stendi. Gari la Nkololo lilikuwa pikapu yenye mabenchi, juu ya paa yamefungwa magunia matupu ya pamba. Method alimpandisha, akamkunjia khanga isikanyagwe, akaiweka cherehani miguuni pake na kuifunga kamba mara mbili ingawa fundo la kwanza lilishika. Dereva alikwisha washa.

Kondakta, kijana mwenye filimbi shingoni, alimgonga Method begani.

"Bro, mkeo anashukia wapi?"

Method alimtazama Wilhelmina. Wilhelmina alimtazama Method. Palikuwa na nafasi ya kusahihisha, nusu dakika nzima, gari likinguruma mahali pamoja.

"Nkololo," Method alisema. "Ukimshusha, umsaidie mzigo wake."