Mwalimu wa Kilonzo

Kitu cha kwanza alichokiona Mbinya ni mstari uliokosekana. Karatasi ilikuwa zoezi la programu ya kompyuta la kijana wa shati la samawati, kwenye kaunta ya fotokopi karibu na soko la Machakos, watu wakisukumana pande zote.

"Ukitoa for ukaweka while, ile i++ ya kuongeza hesabu uishushe ndani ya mzunguko," alisema, akashtuka kusikia sauti yake mwenyewe. "Hiyo yako itazunguka mpaka stima ipotee."

Kijana alicheka. Jina lake Kilonzo, mwanafunzi wa kompyuta chuo cha hapo juu. Alimuuliza yeye yuko darasa gani, Mbinya akajibu kwamba ni wa jioni. Hakusema kwamba ni mfagizi: kila jioni ndiye aliyepangusa ubao wa chuo hicho, na kabla ya kufuta alinakili mizunguko yote ya Java nyuma ya kalenda kuukuu.

Wakapendana. Kila saa ya chakula Kilonzo alipiga simu, akamsomea mzunguko mmoja wa for, Mbinya akaugeuza kuwa while kwa mdomo huku akimenya viazi.

"Mwalimu wangu, nikipita mtihani nakuoa."

"Pita kwanza. Jana ulisahau mabano."

Alitania hivyo, akarudi kwenye viazi vyake. Siku atakayojua kwamba mimi si mwanafunzi, ataniacha, aliwaza.

Siku hiyo ilikaribia Kilonzo alipomletea fomu ya kujiandikisha kwa mtihani wa chuo. Alikuwa ameshamjazia jina la Mbinya kwa mwandiko mzuri. Ilibaki namba ya cheti cha shule tu. Mbinya alisema anaenda kununua kredito ya simu, hakurudi. Alizima simu wiki mbili. Kilonzo akamwachia ujumbe kwa mama wa fotokopi: kama amepata mwanamume mwenye gari, aseme tu.

Jioni moja Kilonzo alirudi chuoni kuchukua sweta aliyoisahau. Akamkuta Mbinya mbele ya ubao, aproni imelowa, kitambaa mkononi, nusu ya somo la leo imeshafutika.

"Ni nani huyo mwenye gari, Mbinya?"

"Hakuna mtu."

Kilonzo alitazama ndoo, akatazama kalenda iliyofunuliwa mezani, mizunguko imejaa mpaka pembeni. Kisha akavuta kiti cha mbele kabisa, akaketi kama mwanafunzi, akafungua daftari lake.

Mbinya alikikunja kitambaa, akakikunjua.

"Niliachia darasa la sita, Kilonzo. Cheti sina. Lakini nakupenda."