Unga Ndani ya Mtutu

Jua lilikuwa linazama nilipofika Chilangala kupima bastola. Kazi hiyo naijua. Nilikuwa fundi wa silaha wa Keya, jeshi la Mwingereza, kule Burma, na Mzungu mmoja wa Nachingwea alikuwa hanunui bastola kuukuu mpaka mimi niseme thamani yake.

Aliyeniita ni Bwanali. Kaka yake, Fakihi, alikuwa amezikwa juzi. Mjane, Esha, alikaa kwenye kona, mikono imefungwa kamba.

"Mchawi huyu," Bwanali alisema. "Kamla mumewe. Alfajiri atakunywa mwavi."

Nilichukia. Sumu ile ya kupimia wachawi nimeiona ikimtapisha mtu damu mpaka akakata roho. Nikaishika bastola huku natafuta la kusema.

Ilikuwa ya Mjerumani, ya vita vya kwanza. Namba zilikuwa zilezile kwenye mtutu, kwenye mwili, mpaka kwenye vipande vidogo. Hiyo ndiyo inayopandisha bei. Ya kuokotezaokoteza ni chuma chakavu tu. Nikachomoa magazini. Tupu. Kibamba cha chuma juu ya chemba kilikuwa kimelala. Risasi ikiwemo, huinuka.

"Haijapigwa tangu Wajerumani," Bwanali alisema.

Nikainusa.

Baruti. Mbichi...

Na mtutu ulikuwa umeshindiliwa unga wa mtama.

"Baba Cyril," Esha alininong'oneza, "usiutoe. Nimemtambikia mume wangu humo. Nimemwomba atulie mpaka aje mtu wa kusema kweli."

Basi nikaisema. "Bwanali, hii imepigwa juzi tu. Fakihi hakulogwa. Kauawa kwa risasi."

Akaninyang'anya. Akaingiza ufito mtutuni, unga wote ukamwagika sakafuni.

"Sasa ni safi. Taja bei!"

Chumba kikanuka udi, sanda na udongo wa kaburi.

Kle!

Kibamba kikainuka.

Magazini ilikuwa mkononi mwangu, jamani. Tupu! Tena bastola ya aina hii hujipakia yenyewe, lakini kila risasi inataka kidole kwenye kifyatulio. Kidole cha Bwanali kilikuwa kimenyooka, mbali kabisa. Kikaanza kukunjwa. Alipokaza, mfupa ulivunjika, ukatokeza nje ya ngozi.

"Kaka... nisamehe, kaka..."

Mkono ukageuka. Mtutu ukaingia kinywani.

Risasi ya kwanza iliondoa taya. Ya pili ikapiga, bado amesimama. Ya tatu. Damu na meno vikanirukia usoni. Mgeni njoo, mwenyeji apone, husema watu. Mwenyeji wangu alikuwa hana kichwa.

Nikamkata Esha kamba. Mikono yake ilitulia.

"Mama Fatu, umepona," nilimwambia. "Twende Newala, bomani, nikatoe ushahidi."

"Bado."

Alizoa unga, akautia mtutuni. Ukatemwa. Akautia tena.

Ukatemwa.

"Hataki kulala," alisema kwa upole. "Waliomwosha maiti walikuwa wawili, Baba Cyril. Bwanali na mwenzake tu, na hawakuruhusu mtu mwingine auone mwili."

Nje, nyayo zilikuja mbio.

"Hodi! Shemeji, milio gani hiyo?" Ilikuwa sauti ya jirani yao, Mohamedi.

Bastola ilikuwa sakafuni. Ikajiburuza taratibu, ikaelekea mlangoni.

Nilitaka kumpigia kelele akimbie. Esha aliniangalia, akaweka kidole mdomoni, akaenda kutoa komeo.

"Karibu, shemeji," alisema. "Ingia."