Safari ya Elphas kutoka Perth

Mzee Gikunda alipatikana amenyongwa chini ya miti yake ya miraa huko Kianjai, Alhamisi alasiri. Kabla ya giza, binti yake Kinya alikuwa ndani ya seli, kwa kuwa majirani waliwasikia wakigombana. Jumatatu angeshtakiwa kwa mauaji.

Inspekta Wawira, Mwembu aliyehamishiwa Meru mwaka huo, hakuridhika. Daktari alisema alama za vidole shingoni mwa maiti ni pana. Vidole vya Kinya vilikuwa kama njiti za kibiriti.

"Na huyu kaka yake wa Australia?" alimwuliza Konstebo Naftaly siku ya Ijumaa.

"Elphas? Alipigiwa simu jana saa kumi jioni, kwa namba yake ya Perth. Leo saa moja asubuhi akabisha hodi. Waombolezaji wamemshukuru Mungu kwa safari ya upesi."

"Saa kumi na tano! Na wewe ukaitikia amina?"

"Kwani Madam, ndege si ni ndege?"

Wawira akashika kichwa. Chifu alimjibu hivyo hivyo. Mchungaji pia, na shangazi wawili, kana kwamba ndege ni malaika.

"Naftaly, Perth hadi Dubai ni saa kumi na moja angani. Dubai hadi Nairobi, tano. Hapo hujangoja ndege ya pili, wala hujaanza barabara ya kuja Meru. Hebu mlete, kabla sijalia."

Elphas aliketi, viganja vyake vipana vikiwa magotini.

"Ulipitia wapi?"

"Dubai."

"Ukangoja?"

"Kidogo tu."

"Basi ulipaa kabla hujapigiwa simu. Nani alikuambia baba amekufa?"

Wawira akanyoosha mkono.

"Pasipoti."

Muhuri wa uhamiaji ulikuwa wa Jumapili iliyopita.

"Siku zote hizo ulilala wapi?"

"Gesti. Huko kwenu Embu."

"Kwa nini hukungoja hata kesho ndipo ubishe hodi, mtu wa Mungu?"

"Leo panaonyeshwa mahali pa kuchimba kaburi. Mimi ndiye kifungua mimba. Likichimbwa nisipokuwepo, watasema sina haki ya boma."

"Na mzee alikukosea nini?"

Elphas akainua uso. "Alimpa Kinya shamba la miraa. Miraa, Madam! Mti ambao mwanamke kwetu hata haupandi. Nilikuja kumsihi. Akacheka. Nikamshika shingo anyamaze, nikachelewa kumwachilia."

"Na dada yako akafungwa, ukanyamaza?"

"Nilidhani mtamwachilia."

Wawira alitoka. Akafungua seli mwenyewe, akamweleza Kinya yote polepole, akimshika bega.

"Uko huru, mama. Nenda nyumbani."

Kinya alivaa viatu, kisha akaketi tena kwenye benchi.

"Kwa nani, Madam?"